Jina Daftarini, Mtoto Hayupo: Mhadhara Juu ya Mahudhurio Baada ya Saa za Shule



Nimeombwa nizungumzie vipindi vya baada ya shule: vikundi vya kusoma, timu, kwaya, skauti, madrasa. Ningeweza kuvisifu hadi mkachoka kupiga makofi, lakini aliyekuja hapa kwa miguu yake hahitaji kushawishiwa kuwa vipindi hivi vina faida. Nimechagua jambo moja ambalo katika ripoti zetu huwekwa ukurasa wa mwisho, kama likiwekwa, nalo ni mahudhurio. Tumezoea kumlaumu mtoto anayekuja leo akapotea wiki nzima. Tunamwita mtoro, na mama yake tunamwita mzembe. Mimi nasema sehemu kubwa ya mahudhurio ni kazi ya anayeendesha kipindi, na ni kazi inayofanyika kwa kalamu, daftari na mtu wa kuuliza.

Tuanze na saa zenyewe. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 hapa kwetu Kenya zilipanga siku ya shule ya kutwa hivi: masomo ya darasani ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, na kutoka hapo mpaka saa kumi na moja kasorobo ni michezo na shughuli nyinginezo. Hapa Mombasa, mwaka mzima, jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili, na kwa kuwa tuko jirani na ikweta giza halina subira. Muda wa kufika nyumbani na kubadilisha nguo ukishatoka, mtoto hubakiwa na saa moja na ushee kabla ya magharibi. Kipande hicho cha siku ndicho tunachokigombania sote: mwalimu wa madrasa, kocha, mama anayetaka maji yatekwe, na mwenye tuisheni ya kulipia.

Chukueni kikundi cha kusoma kinachokutana mara mbili kwa wiki, saa moja na nusu kila kikao, katika muhula wa wiki kumi na mbili. Hivyo ni vikao 24, yaani saa 36 kwa jumla. Mtoto anayekosa kikao kimoja katika kila viwili hubaki na saa 18. Ingekuwa hasara imeishia hapo tungesema amepata nusu, si haba. Lakini kusoma hakugawanyiki hivyo. Aliyekosa Jumatatu hukaa Alhamisi asijue wenzake wanacheka nini. Kitabu cha hadithi kimefika sura ya nne, yeye aliacha ya pili. Mwalimu anaamua ama arudi nyuma kwa ajili yake, wenzake waliokuwepo wapige miayo, ama aendelee, yeye aduwae. Kwa hiyo utoro wa mmoja huwalipisha na waliohudhuria.

Mwaka 1885 mwanasaikolojia wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri mifuatano ya silabi zisizo na maana, akapima zilivyomtoka kichwani baada ya dakika, saa na siku. Aliona kuwa usahaulifu mwingi hutokea mapema mno, kabla hata siku ya pili, kisha hupungua mwendo. Aliona pia kuwa kurudia kidogo kidogo kwa siku kadhaa hushinda kurudia kwingi kwa mkupuo mmoja. Waliomfuata wamelithibitisha jambo hilo mara nyingi. Basi mzazi anayemwambia mwanawe, "Usijali, utafidia Jumamosi," anamwahidi kitu ambacho kichwa cha binadamu hakikubali kwa urahisi.

Walimu wetu wa chuoni, yaani madrasa, hawakumhitaji Mjerumani kuwaambia hayo. Wengi wetu hapa tumepita kwenye mkeka huo. Mtoto hasomeshwi aya mpya mpaka amemsikilizisha mwalimu ya jana. Anadurusu, anakosea, anasahihishwa, ndipo anasogezwa mbele kidogo, mistari miwili au mitatu tu. Asipokuja leo, kesho ataanzia pale pale alipoishia juzi, na wenzake aliokuwa nao sambamba katika Juzuu Amma ya Kurani wamemwacha. Kila mtu chuoni anajua kila mtu amefika wapi. Hilo peke yake ni sababu ya kwenda.

Kulikuwa na jambo jingine, na hapa nawaona wazee wameanza kutabasamu. Ukikosa, hata alasiri haijapoa, wavulana wawili wakubwa wametumwa kwenu. Wanabisha hodi, wanamwamkia mama, wanauliza. Kama unaumwa, habari inarudi na mwalimu anakuombea dua. Kama umejificha uvunguni mwa kitanda, wanakubeba mikono na miguu, barabara nzima ikishuhudia. Sitetei kubebwa, na fimbo iliyongoja huko mwisho wa safari siitetei kabisa. Watoto waliojifunza kwa hofu wengi waliacha siku walipopata nguvu ya kukimbia. Ninachotetea ni kule kubisha hodi. Kabla ya magharibi ya siku ile ile, kuna mtu ameuliza uko wapi. Ni vikundi vingapi vyetu vya leo, vyenye fulana za rangi na mabango, vinavyoweza kusema hivyo?

Sasa nataka niwapeleke mbali kidogo, Marekani, kwa sababu huko walilipa fedha nyingi kulijaribu jambo hili na matokeo yake yana funzo. Serikali kuu yao ina mpango uitwao 21st Century Community Learning Centers, unaogharimia vituo vya baada ya shule nchi nzima. Kampuni ya utafiti ya Mathematica ikapewa kazi ya kuupima, na mwaka 2003 ikatoa matokeo ya mwaka wa kwanza. Katika shule za msingi baadhi ya watoto walichaguliwa kwa kura kuingia vituoni na wengine wakabaki nje, ili kulinganisha kuwe kwa haki. Alama za darasani hazikuonyesha tofauti ya kujivunia. Ikulu ya Rais George W. Bush iliyadaka matokeo hayo ikapendekeza bajeti ya mpango ikatwe kutoka karibu dola bilioni moja hadi dola milioni 600. Ukazuka ubishi mkubwa. Hata Arnold Schwarzenegger, yule wa sinema, alikwenda kuutetea mpango mbele ya maseneta. Bunge lilikataa kukata.

Ndani ya taarifa ile mlikuwa na tarakimu nyingine ambayo haikupigiwa kelele sana. Mwaka wa shule wa Kimarekani una siku zipatazo 180. Watoto wa shule za msingi walifika vituoni siku 58 kwa wastani, na wale wakubwa kidogo wa shule za kati walifika siku 32. Pimeni wenyewe. Mtoto anapewa dawa ya kumeza kila siku, anaimeza mara moja au mbili kwa wiki, kisha tunaandika kuwa dawa haifanyi kazi. Pengine kweli haifanyi kazi, lakini jaribio hilo halikutuambia.

Ningekuwa mwanasiasa ningeishia hapo. Ila kuna swali ambalo msikilizaji makini lazima awe ameshaliandaa: hao wanaohudhuria kila siku si ndio wenye nyumba tulivu, mama anayewahimiza, na tumbo lililoshiba? Je, mahudhurio yanawainua, au ni dalili tu kuwa walishainuliwa nyumbani? Swali ni la haki. Kulinganisha tu aliyehudhuria sana na aliyehudhuria kidogo hakuwezi kulijibu, na ripoti nyingi za mashirika yetu, zinazochora mistari miwili na kusema "tazameni," hazithibitishi kitu. Ninachoweza kusema bila wasiwasi ni kwamba hakuna mtoto aliyefaidika na kikao ambacho hakuwepo. Mahudhurio ni mlango. Ndani ya chumba lazima kuwe na kitu.

Na kitu chenyewe kina sifa zake. Mwaka 2010 watafiti Joseph Durlak na Roger Weissberg pamoja na mwenzao walikusanya tathmini za vipindi 69 vya baada ya shule vilivyolenga kuwajenga watoto kitabia na kijamii. Vilivyoleta faida vilikuwa na mpangilio wa hatua kwa hatua, vilimshughulisha mtoto badala ya kumkalisha asikilize, vilitenga muda maalumu wa stadi vilizozikusudia, na vilijua wazi vinafundisha nini. Vilivyokosa sifa hizo havikuonyesha faida ya maana. Rudieni ile ya kwanza, mpangilio wa hatua kwa hatua. Hatua hazipandwi na mtoto anayekuja kwa kudonoadonoa. Na kikundi kisicho na hatua, ambacho kila kikao chake ni mchezo ule ule na wimbo ule ule, mtoto mwerevu atakikimbia, nami simlaumu.

Karibu na kwetu kuna mfano ninaoupenda zaidi ya vitabu. Mwaka 1987, katika mitaa ya mabanda ya Mathare, Nairobi, ilianzishwa Mathare Youth Sports Association, maarufu kama MYSA. Mwanzilishi wake, Bob Munro wa Kanada, alikuwa mtu wa masuala ya mazingira. Vijana walitaka mpira. Mtaa ulikuwa umezama katika taka. Wakaviunganisha. Timu inayotoka kusafisha mitaro na njia za mtaa wake hupata pointi, na pointi hizo huingia katika msimamo wa ligi pamoja na zile za uwanjani. Timu ya wachezaji hodari wasioonekana siku ya usafi inaweza kupitwa na timu ya wachezaji wa wastani wanaojitokeza. Tena vijana wanaojitolea, kwa kusafisha, kufundisha wadogo au kuwa waamuzi, hujikusanyia pointi zao binafsi, na wanaoongoza hulipiwa karo, fedha zikipelekwa shuleni kwao.

Tazameni ufundi uliomo. Kuhudhuria kumefanywa kuwe na uzito unaoonekana kwenye karatasi. Nikikosa mimi, tunakula hasara sote, na rafiki zangu watakuja kuniuliza kabla ya kocha. Ni wale wavulana wawili wa chuoni tena, safari hii wamevaa jezi. Nani atasema nidhamu hiyo ilipunguza mpira? Timu ya wakubwa iliyochipuka humo, Mathare United, ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2008.

Soka ya wasichana ya MYSA ilianza mwaka 1992, na hapo ndipo walipokutana na kikwazo ambacho ufundi wa pointi hauwezi kukiondoa. Taarifa iliyotolewa mwaka 2002 na Population Council juu ya wasichana hao ilieleza yale ambayo kila mama hapa anayajua: msichana ana kazi za nyumbani ambazo kaka yake hana, na mzazi wake anaogopa giza. Huwezi kumwita mtoro msichana ambaye amebeba mdogo wake mgongoni saa kumi jioni kwa sababu mama yuko sokoni. Unaweza kubadilisha saa. Unaweza kumruhusu aje na huyo mdogo. Unaweza kwenda kuongea na mama.

Niruhusuni niwaonyeshe daftari moja. Ni la kikundi cha kusoma cha hapa hapa mjini, sitakitaja, na wenyewe wamenipa ruhusa. Daftari la kawaida la jalada gumu, majina kushoto, tarehe juu, vema na mikasi kama kawaida. Juu ya ukurasa mratibu ameandika kwa wino mwekundu jumla ya walioandikishwa, na jumla hiyo ndiyo iliyokuwa ikipelekwa kwa mfadhili kila robo mwaka. Ukisoma safu za kulalia, jina kwa jina, huoni kitu. Huyu kaja, huyu kakosa, watoto ndivyo walivyo. Nikaligeuza nikasoma za kusimama, tarehe kwa tarehe. Jumanne zilikuwa na mikasi mingi, tena ya wasichana, tena wale wale. Tukauliza. Jumanne ndiyo siku ya mgao wa maji katika mtaa wao. Bomba likifunguliwa, foleni ya mitungi ya lita ishirini inaanza, na asiyeiwahi atanunua kwa mwenye mkokoteni. Wasichana hawa walikuwa wakifanya kazi ya maana kuliko yetu. Kikao kikahamishwa Jumatano, na mikasi ikapungua sana. Haikuisha, wawili walikuwa na sababu nyingine ambazo si za kusimuliwa jukwaani, ila zilijulikana kwa kuwa kuna mtu aliuliza.

Ninyi waendeshaji, mna madaftari kama hilo. Yafungueni mkasome safu za kusimama.

Kuna upande wa pili ambao huwa hatuupendi. Tunahesabu mahudhurio ya watoto. Ya kwetu nani anahesabu? Mwalimu wa kujitolea amepata kibarua Jumatatu, hakuja, hakutuma ujumbe. Watoto ishirini wamesimama mlangoni, kofuli limening'inia. Wanasubiri, wanacheza kidogo, wanaondoka. Alhamisi wanakuja kumi. Wale wengine hawajakasirika, wamejifunza tu kuwa mahali hapa huenda pakafunguliwa na huenda pasifunguliwe, na mtoto mwenye kazi nyumbani hawezi kupoteza mwendo wake kwa "huenda." Mradi nao ukiwa wa miezi sita, mfadhili akaondoka Juni na mwingine akaja Septemba na jina jipya na fulana mpya, msishangae watoto wakija siku ya kugawa fulana tu. Wamesoma tabia yetu kwa usahihi.

Afadhali kikao kimoja kwa wiki ambacho hakijawahi kuahirishwa kuliko vitatu vya kubahatisha. Najua kauli hii itawaudhi wanaopenda ratiba zilizojaa, na hesabu yangu ya saa 36 mwanzoni yaweza kugeuzwa silaha dhidi yangu. Lakini saa zilizoandikwa kwenye pendekezo la mradi si saa. Mkishaweza kimoja kwa mwaka mzima, ongezeni cha pili.

Neno juu ya tuisheni, maana najua mtaniuliza. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilipiga marufuku masomo ya likizo, na bado tunajua kinachoendelea mitaani. Huko watoto hawakosi, na watu husema ni kwa sababu mzazi amelipa. Kwa hiyo baadhi yenu mnafikiria kutoza ada ndogo "ili wathamini." Nawasihi msifanye hivyo. Mwenye tuisheni hupata mahudhurio kwa kuwa mtoto asipofika simu inapigwa nyumbani jioni ile ile; kwake yeye mtoto aliyekosa ni pato lililopungua, na hamwachi apotee. Simu hiyo inaweza kupigwa bila ada. Mkitoza, wa kwanza kuondoka ni yule mliyemwanzishia kikundi.

Wazazi, ombi langu kwenu ni fupi. Mtoto akiwa hatakuja, semeni. Ujumbe mfupi kwa simu unatosha, wala hamna haja ya kueleza kwa mapana na marefu. Na msimnyime kikundi kama adhabu ya kosa la nyumbani. Mtoto aliyevunja sahani anyimwe televisheni.

Waendeshaji, nawaomba mambo ambayo hayahitaji bajeti mpya. Mteueni mtu mmoja, kijana mwenye adabu na simu yenye salio, ambaye kazi yake ni kumuulizia kila aliyekosa kabla jua la kesho halijazama. Kwanza kumjulia hali, lawama ibaki nyumbani. Fungeni kipindi mapema ili msichana wa mwisho afike kwao kabla ya adhana ya magharibi. Na katika ripoti zenu, chini ya idadi ya walioandikishwa, andikeni wastani wa waliokuwepo kila kikao, hata kama unatia aibu.

Nanyi wafadhili na wawakilishi wa kaunti mlioketi safu ya mbele, mkiletewa ripoti isiyo na tarakimu hiyo ya pili, irudisheni kwa mwenyewe. Lakini mkiiona ni ndogo, msikimbilie kukata fedha. Ulizeni kwanza bomba la mtaa ule hufunguliwa siku gani.

 Nipo tayari kwa maswali, nami naomba tuanze na vijana.